Nitakapofika Uwanja wa Trafalgar

Mezani kwangu pana ramani ndogo ya katikati ya jiji la London, penseli, daftari la mistari, na rula ya mbao ya futi moja niliyoinunua mwaka nilipoanza kazi ya ualimu. Binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Uingereza, amenialika kwenda kumtembelea yeye na watoto wake. Nimekubali kwa sharti moja tu: nipewe siku nzima ya kuuzuru Uwanja wa Trafalgar peke yangu, bila mwongoza watalii na bila kuharakishwa na mtu. "Lakini Baba," akaniambia kwenye simu, "wazee wenzako wakija huku huomba kupelekwa kwenye jumba la Mfalme. Wewe unataka kuona uwanja? Ule si ni kama kipilefti kikubwa tu?" Nilicheka, lakini sikubadili nia. Pale uwanjani nina deni, na deni la mwalimu halilipwi kwa fedha.

Ngoja nieleze deni lenyewe kabla sijaeleza safari.

Mwaka 1986 nilikuwa mkufunzi wa somo la Historia katika chuo kimoja cha ualimu, miaka kadhaa kabla sijapewa dhamana ya ukuu wa chuo. Siku hiyo nilikuwa nikifundisha vita vya Napoleon, na nilikuwa nimefika kwenye mapigano ya baharini ya Trafalgar ya tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na pwani ya Hispania. Niliandika ubaoni kwa chaki: manowari 27 za Waingereza dhidi ya 33 za Wafaransa na Wahispania; Waingereza hawakupoteza hata manowari moja; kamanda wao Nelson alipigwa risasi akiwa sitahani mwa meli yake Victory, akafa jioni ile ile. Mwanachuo mmoja wa nyuma, kijana mpole aliyetoka Newala, akanyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, mabaharia waliopigana katika meli hizo walikuwa akina nani? Alikuwapo Mwafrika hata mmoja?"

Nilimjibu pale pale, kwa sauti ya mtu anayejua. Nilisema hapakuwa na Mwafrika, kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu wao kwa wao, na kwamba maswali ya namna hiyo hayaji kwenye mtihani. Darasa likacheka. Yule kijana akakaa, na sikumbuki kama aliuliza tena swali jingine lolote hadi alipomaliza masomo yake. Juu ya ubao ule, nikumbuke vizuri, palikuwa na bango nililoliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KUULIZA SI UJINGA.

Miaka ikapita, nikastaafu. Kisha siku moja mjukuu wangu wa huko Uingereza, ambaye shule yao iliwapeleka kuuona uwanja huo, akanitumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya bamba la shaba nyeusi lililochongwa watu wengi waliobanana sitahani mwa meli. Katikati mtu anabebwa akiwa amejeruhiwa. Upande wa kushoto amesimama baharia mwenye bunduki mkononi, na sura yake, nywele zake na midomo yake havikuhitaji maelezo. "Shikamoo Babu," mtoto aliandika chini yake, "huyu hapa ni nani?"

Nilikaa na ile simu mkononi kwa muda mrefu. Bamba lile lipo upande wa kusini wa nguzo ya Nelson, linaonyesha kifo cha Nelson, na lilichongwa na John Edward Carew. Limekaa pale tangu katikati ya karne ya 19. Maana yake ni kwamba siku nilipomkalisha yule kijana, jibu la swali lake lilikuwa limekwisha kusimama hadharani kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, katikati ya jiji kubwa, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuliona. Nami niliyekuwa na shahada ya somo hilo sikulijua. Baadaye nilisoma kwamba orodha ya mabaharia wa Victory ilikuwa na zaidi ya watu 800, na miongoni mwao walikuwamo watu wa mataifa mengi: Wamarekani, Wataliano, Wadachi, watu wa Visiwa vya Karibi, Wahindi, na Mwafrika pia. Kijana wa Newala aliuliza swali la mwanahistoria. Mimi nilijibu jibu la msimamizi wa mtihani.

Basi hilo ndilo deni, na ndiyo sababu sitaki mwongozaji. Si kwamba nawadharau watu wa kazi hiyo. Lakini zamani tuliwapeleka wanachuo wetu Bagamoyo, na tukampata mwongozaji mwenye maneno mengi matamu. Alitueleza kila kitu kabla hatujakitazama. Jioni nilipowataka wanachuo waandike walichokiona, wote waliandika walichokisikia. Tangu hapo nimeamini kwamba anayekwenda mahali pa historia inampasa achukue maswali yake mwenyewe kutoka nyumbani, kama vile mtu anavyochukua kikapu chake kwenda sokoni. Ukienda bila kikapu utaletewa mfuko, na ndani yake utatiliwa anachotaka muuzaji.

Kwa hiyo nimejiandalia ratiba yangu. Nitaieleza hapa kama nilivyoiandika, kwa faida ya yeyote atakayepata nafasi ya kufika huko, na hata kwa asiyefika, maana mengi katika uwanja ule yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza, uwanja wenyewe. Mtu anaweza kudhani upo tangu enzi na enzi, kumbe sivyo. Mahali pale palikuwa mazizi ya farasi wa mfalme. Katika miaka ya 1820 mchoraji wa majengo John Nash alipanga pasafishwe pawe mahali pa wazi, na baada ya kifo chake Charles Barry akauchora upya. Wananchi walifunguliwa mwaka 1844. Nguzo ya Nelson ilijengwa kati ya 1840 na 1843. Wale simba wanne wa shaba nyeusi, ambao watoto hupenda kuwapanda mgongoni, hawakuwekwa hadi 1867. Kazi hiyo ilifanywa na Edwin Landseer. Kwa hiyo uwanja huu, wenye jina la vita vya 1805, ni wa kizazi kilichofuata. Wajukuu ndio waliojenga kumbukumbu ya babu zao, na kama kawaida ya wajukuu, walichagua yale waliyopenda kuyakumbuka.

Nitafika kwa treni ya chini ya ardhi, nishukie kituo cha Charing Cross, ambacho kipo pale pale. Nitaanzia upande wa kusini, kwenye kisiwa kidogo katikati ya barabara, ilipo sanamu ya Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi. Wageni wengi huipita kwa sababu ni ndogo na iko ng'ambo ya magari. Mimi nitaanzia hapo kwa kuwa hapo ndipo umbali wa barabara wa kwenda London hupimiwa. Ukiambiwa mji fulani uko maili kadhaa kutoka London, maana yake ni kutoka pale. Vilevile sanamu ile ina kisa chake. Ilitengenezwa mwaka 1633 na Mfaransa Hubert Le Sueur. Mfalme akashindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakatwa kichwa mwaka 1649, na sanamu akauziwa fundi wa vyuma aivunjevunje. Fundi akaificha. Ufalme uliporudi, sanamu nayo ikarudi, na mwaka 1675 ikasimamishwa pale ilipo. Anayesoma historia ya sanamu lazima aanze na somo hilo: sanamu haisimami kwa nguvu za miguu yake, bali kwa nguvu za waliopo madarakani.

Kutoka hapo nitavuka barabara kwa uangalifu wa mzee, niende moja kwa moja kwenye bamba la kusini. Hapo sitakuwa na haraka. Nitamtazama yule baharia. Jina lake halikuandikwa, wala si lazima awe ni picha ya mtu mmoja halisi. Yawezekana mchongaji alitaka tu kusema kwamba watu kama yeye walikuwamo. Lakini kusema hivyo kwatosha kunihukumu. Nitamweleza, kimoyomoyo, kwamba nilimkana mbele ya watu arobaini.

Kisha nitainua kichwa nitazame juu. Hapa pana jambo jingine lililonifariji kidogo nilipolisoma. Kwa zaidi ya miaka 160 vitabu vilisema kwamba nguzo ile, pamoja na sanamu iliyo juu yake, ina urefu wa takriban mita 56. Kitabu kimoja kilinakili kingine, na mwalimu mmoja alinakili mwalimu mwingine. Mwaka 2006 nguzo ilizungushiwa majukwaa ya mafundi ili isafishwe, nao wakapata nafasi ya kuipima sawasawa. Wakakuta ni mita 51.6 tu. Zaidi ya mita nne hazikuwapo, wala hazijawahi kuwapo! Kitu kikubwa namna hiyo, kilicho mbele ya macho ya mamilioni ya watu, kilitajwa kwa kipimo kisicho sahihi kizazi baada ya kizazi kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba mwenzake ameshapima. Si mimi peke yangu, basi. Lakini kosa la wengi halifuti kosa la mmoja.

Baada ya nguzo, nitazunguka chemchemi mbili za maji. Inaelezwa kwamba chemchemi za kwanza, za mwaka 1845, ziliwekwa pia kwa nia ya kupunguza nafasi ya watu kukusanyika, maana wakubwa walishaanza kuuogopa uwanja wao wenyewe. Na kweli walikuwa na sababu. Waliujenga ili watu waje wamwangalie Nelson; watu wakaja, wakampa Nelson kisogo, wakaanza kuhutubiana juu ya mshahara na njaa. Tarehe 13 Novemba 1887 serikali ilipiga marufuku mkutano uwanjani hapo. Wafanyakazi na wasio na kazi wakaja hata hivyo, wakapigwa na polisi na kusukumwa na farasi wa jeshi. Siku ile Waingereza wenyewe wanaiita Jumapili ya Damu. Wanawake waliodai haki ya kupiga kura walihutubia pale. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1958 waliopinga mabomu ya nyuklia walianzia pale matembezi yao ya siku nne. Kwa hiyo uwanja una historia mbili. Moja imechongwa kwenye mawe juu, nyingine imeandikwa kwa viatu chini. Mwongozaji hukuonyesha ya juu kwa sababu inaonekana. Ya chini inakubidi uende nayo kichwani.

Kwa sisi watu wa kusini mwa Tanzania, historia hiyo ya chini ina mlango wa karibu. Upande wa mashariki wa uwanja lipo jengo la ubalozi wa Afrika Kusini, lililofunguliwa mwaka 1933. Lilichorwa na Herbert Baker, ambaye ndiye pia aliyechora jumba ambalo leo ni Ikulu ya Nairobi. Tarehe 28 Februari 1960 maelfu ya watu walijaa uwanjani, mbele ya jengo hilo, kuanzisha mwezi wa kususia bidhaa za Makaburu. Harakati hizo za kususia zilikuwa zimezinduliwa katika mkutano wa tarehe 26 Juni 1959 huko huko London, na mmoja wa waliohutubia siku hiyo alikuwa Julius Nyerere, wakati huo Tanganyika yenyewe ikiwa bado haijapata uhuru. Katika mkutano wa uwanjani mwezi Februari alizungumza Hugh Gaitskell, kiongozi wa chama cha Labour, na akazungumza pia padri mmoja mrefu, mwembamba, Trevor Huddleston, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi miongoni mwa Waafrika wa Johannesburg.

Mwishoni mwa mwaka huo huo padri huyo akawa Askofu wetu wa Masasi, na akakaa nasi hadi 1968. Nilikuwa mtoto wa miaka 11 alipokuja. Nakumbuka tulivyopanga mstari kumlaki, na jinsi alivyoinama sana ili awape mkono watoto. Tulimjua kama Askofu. Hakuna aliyetueleza kwamba mtu huyu, miezi michache tu nyuma, alikuwa amesimama chini ya Nelson akiwaambia Waingereza waache kununua matunda ya Makaburu. Baadaye aliongoza chama cha kupinga ubaguzi huo kwa miaka mingi. Nitakapofika pale nitatafuta mahali ambapo mtu anaweza kuwa alisimama akiwa amelipa kisogo jiwe na kuutazama umati, nami nitasimama hapo kwa dakika chache kwa niaba ya Masasi.

Na sasa nije kwenye mwaka wangu, 1986. Tarehe 19 Aprili mwaka huo kundi la wapinzani wa ubaguzi wa rangi lilianza kusimama kando ya barabara mbele ya jengo lile la Afrika Kusini, likiapa kutoondoka hadi Mandela atoke gerezani. Walisimama kwa zamu, mchana na usiku, katika mvua na theluji, weupe kwa weusi, wengi wao wakiwa vijana. Hawakuondoka hadi Februari 1990, Mandela alipoachiwa. Nikihesabu miezi, naona kwamba siku niliposema darasani kwamba uwanja ule na vita vyake havikumhusu Mwafrika, vijana wale huenda walikuwa wamesimama pale pale, wakipuliza vidole vyao kwa baridi kwa ajili ya Afrika. Sikujua. Redio niliyokuwa nayo ilitangaza mengi, lakini mimi nilikuwa nimeshafunga mlango wa somo hilo.

Tarehe 3 Februari 2005, Mandela mwenyewe alihutubia uwanjani hapo, akiwa mzee wa miaka 86, akiyataka mataifa tajiri yaushughulikie umaskini kama jambo lililoletwa na binadamu na linaloweza kuondolewa na binadamu. Jengo la ubalozi lililokuwa limefungiwa madirisha dhidi ya watetezi wake lilikuwa sasa jengo la nchi yake.

Kutoka mashariki nitakwenda kaskazini. Zamani barabara ya magari ilipita kati ya uwanja na Jumba la Sanaa la Taifa. Mwaka 2003 upande huo ulifungwa magari na zikajengwa ngazi pana ambazo watu hukaa kupumzika. Mwaka huo huo pia ikapigwa marufuku kuwalisha njiwa, ambao walikuwa maelfu na walikuwa wakiharibu mawe kwa kinyesi. Kuingia Jumba la Sanaa kuona picha zake za kudumu hakulipiwi, na mjukuu wangu ameniarifu kwamba kuna choo safi, habari ambayo kwa mzee ni muhimu kuliko picha. Lakini kitu changu huko kaskazini ni kingine. Kuna vipimo rasmi vya Uingereza vilivyowekwa hapo mwaka 1876 kwa vipande vya shaba: inchi, futi, yadi, ili raia yeyote aje ahakikishe kipimo chake. Ndiyo maana naichukua rula yangu ya mbao. Nilifundishwa inchi na futi, nikafundisha sentimita na mita, na sijawahi kujua kama rula yangu ni ya kweli. Nitaiweka juu ya shaba ile nione. Mtu atakayeniona atadhani mzee huyu amerukwa na akili. Mimi nitakuwa nikifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka 1986: kupima kabla ya kusema.

Pembe mbili za kusini mwa uwanja zina sanamu za majenerali Havelock na Napier. Mmoja alipigana kuzima maasi ya Wahindi ya mwaka 1857, mwingine aliiteka Sindh mwaka 1843. Mwaka 2000 Meya wa London, Ken Livingstone, alipendekeza waondolewe, kwa hoja kwamba wapita njia hawawajui tena. Hawakuondolewa. Pembe ya kaskazini mashariki yupo Mfalme George wa Nne juu ya farasi. Pembe ya nne, ya kaskazini magharibi, ndiyo iliyonivutia zaidi. Palijengwa jukwaa la mawe mwaka 1841 kwa ajili ya sanamu ya Mfalme William wa Nne, fedha zikakosekana, na jukwaa likabaki tupu kwa zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 wameanza kuweka juu yake kazi za wasanii mbalimbali, hii ikitoka ile ikiingia.

Kati ya 2022 na 2024 alisimama pale John Chilembwe. Ndugu msomaji, huyu ni mchungaji wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, ng'ambo ya ziwa letu. Msanii Samson Kambalu, Mmalawi, alichonga sanamu mbili kutokana na picha iliyopigwa mwaka 1914, ya Chilembwe na mmisionari Mzungu John Chorley. Chilembwe amevaa kofia. Wakati ule Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya Mzungu, na kule kutoivua kulikuwa ni tamko. Msanii akamfanya Chilembwe mkubwa kuliko Chorley kwa mbali, ili yule ambaye vitabu vilimfanya mdogo aonekane kwa kimo chake.

Mwaka 1914 huo huo vita vikuu vilipoanza, Chilembwe aliandika barua gazetini kupinga watu wake kutumwa kufa katika vita visivyo vyao dhidi ya Wajerumani waliokuwa katika nchi yetu. Januari 1915 akaongoza maasi. Tarehe 3 Februari akauawa kwa risasi, na kanisa lake likabomolewa. Miaka 90 baadaye, tarehe ile ile, Mandela akahutubia hatua chache kutoka kwenye jukwaa ambalo Chilembwe angekuja kusimama.

Nami nina sehemu yangu katika kisa hicho. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa upagazi katika vita hivyo, yeye na kaka yake. Walibeba risasi na unga kutoka pwani ya Lindi kuelekea bara, wakati majeshi yalipokuwa yakipigana Mahiwa mwaka 1917. Babu alirudi. Kaka yake hakurudi, wala hatukuonyeshwa kaburi. Babu hakuwa akisema vita vilikuwa kati ya nani na nani. Alisema tu, "Mzigo ulikuwa mzito." Hayo ndiyo ambayo Chilembwe aliyaona mapema, akayaandika, akafa kwa ajili yake.

Sisi pia tunajua kwamba jukwaa la sanamu halina mwenyewe wa kudumu. Mjini Dar es Salaam Wajerumani walimsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann mwaka 1909. Waingereza waliposhinda vita walimng'oa, wakampeleka London, kisha akarudishwa Ujerumani akasimamishwa Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wa huko wakamwangusha, mara ya mwisho mwaka 1968. Na Dar es Salaam mwaka 1927 akawekwa Askari wa shaba nyeusi tunayemwona hadi leo tukipita Mtaa wa Samora, bunduki yake ikielekea bandarini. Tunampita mara ngapi? Nani kati yetu amewahi kusimama akazunguka pande zote nne za msingi wake, akaangalia mabamba yake, akauliza wapagazi wako wapi katika picha zile? Nimejiwekea ahadi kwamba nitakaposhuka kutoka London, kabla ya kupanda basi la kusini, nitakwenda hapo kwa Askari na daftari lile lile. Isije ikawa namjua baharia wa Trafalgar nikawa simjui wa Posta.

Nitakapofika pembe ile ya nne, Chilembwe hatakuwapo, ameshapisha wengine. Hilo halinisumbui. Nitatazama nitakachokikuta, nikijua nani alisimama pale kabla yake.

Kisha nitachoka. Nimeandika katika ratiba: "Saa nane mchana, kaa kwenye ngazi, kula mkate." Kutoka kwenye ngazi hizo mtu huona uwanja wote hadi barabara ya serikali upande wa kusini. Kulia kwangu litakuwa jengo la Kanada, na mbele yake kidogo, kwenye kona ya kusini magharibi, jengo la Uganda, ambamo mna ubalozi wa majirani zetu. Nitatafuta bendera yake kwa macho yangu mabovu. Ikiwa siku hiyo patakuwa na watu waliokusanyika na mabango yao kudai jambo fulani, nitafurahi, hata kama dai lao sitalielewa. Watakuwa wanaendeleza ile historia ya chini.

Hapo kwenye ngazi ndipo nitakapoandika barua. Yule kijana wa Newala si kijana tena. Alifundisha miaka mingi, naye amestaafu, na nimepata anwani yake kwa mwalimu mwenzake. Nilifikiri nimwandikie kutoka hapa nyumbani, nikaona hapana. Jibu la swali lake linapaswa litoke mahali penyewe, kwa mtu aliyekwenda akatazama. Nitaweka ndani ya bahasha picha ya bamba la kusini, nitakayokuwa nimeipiga mwenyewe. Barua haitakuwa ndefu. Nitamsalimu, nitamtaja kwa jina lake kamili kama nilivyokuwa nikiita mahudhurio, na nitaandika kwamba swali alilouliza mwaka 1986 lilikuwa zuri, kwamba jibu lake ni ndiyo, alikuwapo, na kwamba mwalimu wake anaomba radhi kwa kumkalisha.

Halafu nitafunga daftari, nichukue rula yangu, niende kumngoja binti yangu karibu na simba.